ULIZA SAYANSI: Kuganda, kuyeyuka na "uzito" wa maziwa

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka kwa wazazi, sio kwa wanafunzi. Homuweki ya mtoto imewashinda, wanajificha chooni wananiandikia mimi. Hakuna ubaya, sayansi ya darasa la sita sio ndogo kama watu wanavyodhani. Nimechukua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa.

*

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita, wamepewa kazi ya uchunguzi wa kisayansi, waandike tatizo, nadharia tete, jaribio, data na hitimisho. Kwenye nadharia tete yeye kaandika "maji ya moto yataganda haraka kuliko maji ya baridi", kaisikia kwa bibi yake anayeuza barafu za ubuyu. Ticha kampa kosa jekundu, kaandika "haiwezekani". Mtoto amelia, na mi sijui nimtetee nani. — Mama wa darasa la sita, Morogoro*

Marahaba mama. Mtetee mtoto, ila sio kwa sababu unayoifikiria.

Nadharia tete ni jibu la kubuni ambalo unakwenda kulipima, basi. Inaruhusiwa kabisa kuja kuonekana sio kweli, tena ikionekana hivyo mtoto atakuwa amejifunza kitu. Kinachotakiwa ni iwe inapimika, na ya mwanao inapimika, unahitaji friza na vikombe viwili tu. Angeandika "maji ya moto ni matamu zaidi" hapo ningemwelewa ticha. Kumpa mtoto kosa kabla ya jaribio ni kama refa kupuliza filimbi ya mwisho timu bado ziko vyumbani zinavaa jezi.

Halafu sasa, hilo neno "haiwezekani" kwenye swali hilihili limeshawahi kuandikwa na kufutwa hapahapa kwetu. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu pale sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake shuleni. Utaratibu wao ulikuwa unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe ndio unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa inagombaniwa, mwenzake mmoja akachanganya maziwa na sukari bila hata kuchemsha akawahi kuweka, Mpemba kuona hivyo akaona potelea mbali, akayatia ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu kuja kuangalia, ya kwake yameganda, ya mwenzake bado ni ujiuji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa, hicho kitu hakiwezi kutokea. Kuna rafiki yake wa Tanga aliyekuwa anauza aiskrimu, yeye akamwambia mbona sisi tunaweka ya moto siku zote, inawahi kuganda. Yaani wauza barafu walishalijua, kama huyo bibi wa mwanao.

Mpemba akafika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, sio fizikia ya dunia, na darasa zima likaigeuza utani, akikosea hesabu tu wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Siku moja akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mtu wa fizikia. Mpemba akanyoosha mkono akauliza lilelile mbele ya wenzake wakiwa wanacheka. Osborne hakucheka, ila hakukubali pia, alisema atakwenda kujaribu. Fundi wa maabara aliyepewa ile kazi alileta taarifa kwamba ni kweli ya moto yametangulia kuganda, ila akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Huyo fundi mi nampenda sana, maana wote tuko hivyo, tukishajua jibu tunalolitaka tunapima mpaka litoke. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika makala kwenye jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, na mpaka leo duniani kote hii habari ya cha moto kuwahi kuganda inaitwa athari ya Mpemba.

Sasa usikimbilie shuleni na gazeti mkononi mama, subiri kwanza. Habari haijaishia hapo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia majaribio kwa uangalifu wakasema hawajaona ushahidi wa maana kwenye maji, na wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya kikombe unaweza kujipatia "athari ya Mpemba" ambayo haipo. Halafu 2020 wengine Kanada wakaiona waziwazi, ila sio kwenye maji yanayoganda, ni kwenye vipunje vidogo sana vinavyopoa ndani ya maji. Kwa hiyo ticha akisema haiwezekani amezidisha, na bibi akisema ni lazima naye amezidisha.

Ugomvi mkubwa mi naona uko kwenye neno lenyewe. Kuganda ni nini? Sisi tunasema damu imeganda, maziwa yameganda yamekuwa mtindi, mafuta ya nazi yameganda asubuhi ya baridi, na barafu imeganda. Hata kwa maji peke yake, kuganda ni pale yanapofika nyuzi 0, au pale ngozi ya kwanza ya barafu inapotokea juu, au pale yanapokuwa jiwe mpaka katikati? Hivyo ni vitu vitatu na mshindi anaweza kuwa tofauti kwenye kila kimoja. Mwambie mtoto aandike kabla hajaanza, kwa mfano "nitasema yameganda pale kijiti cha meno kilichosimamishwa katikati hakichomoki".

Jaribio lenyewe afanye hivi. Vikombe viwili vinavyofanana kabisa, vya plastiki ngumu au bati, glasi msitumie itapasuka, na msijaze mpaka juu kwa sababu maji yakiwa barafu yanatanuka kama asilimia 9. Maji yote mawili yachemshwe kwanza, moja liachwe lipoe, hapo hakuna atakayesema tofauti imeletwa na hewa iliyokuwa ndani ya maji. Apime kiasi kilekile, ml 100 zinatosha, na ya moto ambebee mtu mzima. Halafu chini ya vikombe aweke kipande cha boksi au ubao, hii watu wengi wanaisahau, maana friza zetu zina ule ugandu mweupe wa barafu, kikombe cha moto kinauyeyusha kinakaa kwenye chuma chenyewe, cha baridi kinabaki juu ya ugandu kama kimekalia godoro, hapo kinachoshindana sio maji tena ni makalio ya vikombe. Mara ya pili abadilishane nafasi zao. Arudie mara tano, na umeme ukikatika katikati asifute, aandike "umeme umekatika saa fulani" hiyo mara haihesabiki.

Akipata mara tatu kwa mbili aandike tatu kwa mbili. Na mimi naomba unitumie hayo matokeo, siyajui yatakuwaje, ndio utamu wake.

*

*Habari mkuu, mi niko form one. Kwenye tesiti nimeandika chumvi inayeyuka kwenye maji na barafu inayeyuka juani, nikasema ni kitu kimoja, nimekosa. Si neno ni lilelile? — Mwanafunzi, Kigoma*

Pole, hapo Kiswahili chetu kimekupiga chenga. Tuna neno moja tunalitumia kwa vitu viwili. Barafu ikiyeyuka inahitaji joto tu, yabisi inageuka kimiminika, na kimiminika hicho ni maji yaleyale hayajachanganyika na chochote. Chumvi ikiyeyuka kwenye maji haijageuka kimiminika peke yake, imetawanyika katikati ya maji, ni mchanganyiko. Baadhi ya vitabu vinasema kumumunyika kwa hili la pili, na mi naona ni neno zuri, lina ladha ya pipi mdomoni.

Unataka kuona tofauti? Chumvi inamumunyika kwenye maji ya bomba ya kawaida kabisa, gramu kama 36 kwenye ml 100, ukizidisha inakaa chini inakuangalia. Lakini kuiyeyusha chumvi yenyewe kwa joto bila maji, unahitaji nyuzi 801, jiko la mkaa la mama litashindwa.

Na nyie wa Kigoma mna Uvinza hapo, maji ya chumvi yanakaushwa chumvi inabaki. Ndio maana tunasema ni badiliko la kifizikia, kitu kimerudi kilevile. Jaribu pia mizani: gramu 100 za maji na gramu 10 za chumvi, koroga mpaka isionekane, pima, ni 110. Haijaenda popote. Sukari ikimumunyika kwenye maji ni hivyohivyo, ila sukari hiyohiyo ukiitia kwenye sufuria kavu motoni inakuwa kahawia halafu nyeusi, harufu inabadilika, hapo hata ulie hairudi kuwa sukari, hilo ni badiliko la kikemia. Kitu kimoja, mabadiliko mawili, inategemea umekifanya nini. Tesiti nyingi zinapenda kuuliza "sukari ni badiliko gani" kana kwamba jibu liko kwenye sukari.

*

*Mwalimu naomba msaada. Nanunua maziwa kwa jamaa wa baiskeli. Nilivyomshtukia nikanunua laktometa, inasoma 30, watu wanasema hiyo ni nzuri. Lakini maziwa ni mepesi bwana, chai haibadiliki rangi! Nani muongo, mi, laktometa au jamaa? — Baba wawili, Iringa*

Inawezekana wote mnasema kweli, maana hamuongelei kitu kimoja. Ukisema maziwa mazito au uji mzito unaongelea jinsi kitu kinavyovutika mdomoni na kumiminika polepole, huo ni mnato. Laktometa haijui mnato, inapima densiti, yaani tungamo ngapi zimebanana kwenye ujazo uleule. Mafuta ya alizeti unayaita mazito kuliko maji na yanaelea juu ya maji, sasa uzito wake uko wapi? Zebaki wanayoijua wachimbaji wadogo inatiririka karibu kama maji, lakini chupa ya nusu lita inakaribia kilo 7.

Maziwa ya ng'ombe ambayo hayajaguswa densiti yake ni kama 1.028 mpaka 1.033, laktometa inaandika 28 mpaka 33. Ukiongeza maji asilimia 10 kwenye maziwa ya 30 inashuka karibu 27, unamkamata. Lakini mjanja anajua kwamba krimu ni nyepesi kuliko maziwa yenyewe, akiitoa krimu kwanza akauze pembeni, kilichobaki kinapanda labda 35, halafu anaongeza maji kinashuka tena kwenye 30 yako nzuri. Kaiba mara mbili na kipimo kinampigia makofi.

Ila usimvamie jamaa bado. Ng'ombe wa kienyeji maziwa yake yana mafuta mengi kuliko ya Friziani, pengine amebadilisha ng'ombe tu. Na laktometa imeandikwa joto lake pale kwenye shingo, maziwa yakiwa ya uvuguvugu kutoka kwenye kiwele inasoma chini, yenye povu nayo inadanganya. Fanya hivi: tafuta maziwa ambayo umeyaona kwa macho yako yakikamuliwa, kama inawezekana kwa ng'ombe walewale wa jamaa, weka kwenye chupa inayoonyesha, na ya jamaa kwenye chupa inayofanana, kimo kilekile, mabichi yote, friji moja usiku mmoja. Asubuhi linganisha tabaka la krimu juu. Chupa ya kwanza ndio shahidi wako, bila yeye huna kesi. Ya jamaa ikiwa na utandu mwembamba kama karatasi na laktometa bado 30, hapo muulize taratibu krimu inaenda wapi.

*

*Nimehamia Mbeya toka Dar, maharage hayaivi, nimebadilisha duka mara tatu. Ni maharage au ni mimi? — Mke mgeni, Mbeya*

Ni mlima dada. Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Mbeya uko juu kama mita 1,700, hewa inayokandamiza maji ni pungufu, yanachemka kwenye 94 hivi. Na yakishachemka ndio basi, hata ukiongeza moto mpaka mfuniko ucheze ngoma joto halipandi, unachofanya ni kumaliza maji na gesi. Huko kileleni Kibo yanachemka kwenye 80 na kidogo, chai unaipata ila maharage usahau.

Loweka usiku, punguza moto yakishaanza kuchemka, funika. Au nunua presha kuka, hiyo inafungia mvuke presha inapanda, maji yanafika zaidi ya 110. Ukitaka kuhakikisha sio duka, chukua maharage hayohayo ya Mbeya mpe mtu anayeshuka Dar ayapike kwa sufuria ya kawaida akiangalia saa, na wewe upike yaliyobaki siku hiyohiyo. Yote yatoke gunia moja, sio mawili tofauti.