Soma ampea kabla ya wati: pawa saplai niliyonunua mara mbili

Mashine yangu ni mtumba wa ofisi, Dell OptiPlex 9020 ya mnara, zile ambazo maofisi ya nje wakishazichoka zinakuja kwetu kwa makontena. Naitumia kuhariri video za harusi na sendofu hapa Uyole. Mavuno yakishaingia ndani sherehe zinafuatana, na prosesa yake, i5, yaani ubongo wa kompyuta, peke yake ilikuwa inarenda (kuitoa video ikiwa faili lililokamilika) video ya saa mbili usiku kucha. Nikaagiza kadi ya picha, GTX 1660 Super, ikapandishwa basi Dar nikaipokea stendi kesho yake.

Furaha iliishia nilipofungua boksi. Kadi ina tundu la waya wa umeme wenye pini 8, na pawa saplai iliyokuja na mashine, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kompyuta, ya wati 290, haina waya wa namna hiyo hata mmoja. Nikashuka mjini. Muuzaji akanipa moja ya shilingi 40,000, nyepesi kama kopo tupu, ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. "Kaka, hii inabeba chochote." Waya wa pini 8 haikuwa nao pia, akaniongezea kigeuzi cha bure cha kuunga kwenye nyaya za diski. Nilipaswa kushtuka palepale.

Kuwaka iliwaka. Kuandika, kuangalia picha, kila kitu sawa. Usiku wa Ijumaa nikaanza kurenda harusi ya watu waliokuwa wanaisubiri Jumapili, ikafika asilimia kumi na kitu, tap, giza. Nikadhani umeme umekatika, lakini balbu ilikuwa inawaka. Nikawasha tena, ikazima tena. Mara ya tatu nikasikia harufu ya plastiki. Kigeuzi kile kilikuwa kimeanza kuyeyuka.

Ndipo nikaisoma stika, kazi ambayo ilipaswa kufanyika dukani. Pawa saplai haitoi umeme wa aina moja. Ina mstari wa volti 3.3, wa volti 5 na wa volti 12. Kompyuta za miaka ya nyuma sana zilikula zaidi kwenye 3.3 na 5; za sasa prosesa na kadi ya picha, yaani walaji wakubwa wote wawili, wanakula kwenye 12. Kwenye stika yangu, 3.3 na 5 zilikuwa zimepewa ampea za kutosha kuvutia macho. Mstari wa 12 ulikuwa na ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Hiyo ndiyo pawa saplai niliyonunua, hizo 500 ni maandishi tu.

Sasa linganisha na mahitaji. Kadi yangu ni wati 125. Prosesa, i5-4590, ni 84. Tayari 209, hujaweka madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), diski, feni na ramu. Ukiwa unaandika barua havifiki hapo, ndiyo maana haikuzima mapema. Kurenda ndiko kunakovibana vyote kwa pamoja.

Kwa hiyo ukienda dukani, geuza boksi, tafuta mstari wa +12V, zidisha ampea zake kwa 12. Jibu likikaribia namba kubwa ya ubavuni, mtengenezaji ni mkweli. Niliyonayo sasa ni ya wati 550, na mstari wa 12 una ampea 45, sawa na 540. Watengenezaji wa kadi yangu wenyewe wanashauri 450, nikaacha nafasi kidogo ili isifanye kazi ikiwa imekaba pumzi. Muuzaji akisema stika haina maana, msikilize kwa heshima, uage.

Hizi mashine za ofisi zina mtego mwingine. Madabodi nyingi huchukua waya wa pini 24, ila hii yangu ina pini 8, na baadhi ya HP za ofisi zina 6. Kuna kigeuzi cha 24 kwenda 8 na kinafanya kazi vizuri, lakini kitafute kabla hujabomoa mashine, usiwe kama mimi niliyelala siku mbili na kompyuta imetapanywa mezani. Kama yako ni ile nyembamba ya kulala, usihangaike na pawa saplai kabisa: umbo lake ni la kwake peke yake. Nunua kadi fupi isiyohitaji waya, kama GTX 1050 Ti ya umbo dogo, kwa sababu tundu la madabodi lenyewe linaweza kutoa hadi wati 75. Nayo ipimie kwanza dhidi ya stika ya pawa saplai uliyonayo.

Mke wangu aliposikia 550 aliuliza kama nimeamua kummaliza na luku. Hapana. Pawa saplai inavuta kile ambacho mashine inahitaji, pamoja na kidogo kinachopotea kama joto. Ule muhuri wa 80 PLUS unahusu hicho kinachopotea. Kwa mashine inayokula wati 200 saa nne kila siku, tofauti ya madaraja yake mawili, Bronze na Gold, kwangu ilitoka kama uniti moja na nusu kwa mwezi. Nilichukua Bronze, chenji nikanunulia diski.

Kitu nilichokitazama zaidi ya rangi ya muhuri ni maandishi ya 100-240V. Jioni mtaani kwetu, watu wote wakiwasha majiko, taa zinafifia. Pawa saplai za kizamani zenye swichi nyekundu ya 115 na 230 hazivumilii umeme mdogo kiasi hicho, na ole wako mtoto aisogeze swichi kwenye 115 halafu uchomeke ukutani, utasikia mlio. Hii mpya haina swichi, inajirekebisha yenyewe. Imenisumbua jambo moja tu: UPS yangu ya zamani, kile kisanduku chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika, ya bei rahisi, haikupatana nayo. Umeme ukikatika UPS inalia, kompyuta inazima hivyohivyo. UPS nyingi za bei hiyo hutoa umeme wa mawimbi ya mraba, na baadhi ya pawa saplai za kisasa huyakataa. Zijaribu pamoja dukani, mchomoe plagi ya UPS ukutani mkiwa mnaangalia. Radi za Machi ni habari nyingine, hapo nachomoa kila kitu, hakuna mashine ninayoiamini.

Ile ya 40,000 bado iko chini ya meza. Mpwa wangu ananiomba kila wiki aifungue achukue feni, nami namkatalia. Kapasita zake, vile vipande vinavyohifadhi umeme ndani, zinaweza kubaki na chaji ya kumrusha mtu hata baada ya kuchomolewa.