Sijasoma katuni, nianzie filamu ipi?

SWALI: Sijawahi kusoma vitabu vya katuni. Nilitazama filamu ya mashujaa wa Marvel, Avengers: Endgame, nikatoka kapa. Nianzie wapi?

JIBU: Katuni hazina kosa hapo, ulivuruga mpangilio tu. Endgame (2019) inamalizia kisa cha Infinity War (2018). Ukiirukia, lazima uachwe njiani. Anza na Iron Man ya 2008, kisha The Avengers ya 2012. Fuata mwaka filamu ilipotoka, si mwaka wa kisa. Captain Marvel, kwa mfano, inasimulia 1995 lakini ilitoka 2019, na kipande kilichopachikwa kati ya majina ya waigizaji na watengenezaji yanayopita mwishoni kinakufichulia yaliyotokea Infinity War. Majina yakianza kupanda, basi, usizime. Mfululizo ukikuchosha (na unachosha!), The Batman ya 2022 inajitegemea.