Sarakasi za Angani: Jiandikishe Kabla Hujajiona Umeiva

Swali ninaloulizwa zaidi na marubani wanawake ni hili: nitajuaje kwamba nimeiva kwa mashindano? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Hutajua. Ukingoja kuiva utazeekea pembeni ya njia ya kurukia, ukiwapigia wenzako makofi. Daraja la wanaoanza liliwekwa kwa ajili ya watu ambao bado hawajaiva, na wanaume wenye saa chache za kuruka kuliko zako hujiandikisha humo bila kujiuliza mara mbili. Siwalaumu hata kidogo. Wanafanya inavyotakiwa.

Kinachowatisha wengi ni picha waliyonayo kichwani: moshi, kelele, ndege ikipita chini kabisa mbele ya umati. Hayo ni maonyesho. Kwenye mashindano, waamuzi wamekaa kwenye viti uwanjani, shingo zimewauma, wanatazama mistari. Kila umbo unalochora angani kwa ndege linaanza na alama 10. Kila nyuzi 5 unazopotoka, alama 1 imekwenda. Kinachobaki kinazidishwa kwa kipimo cha ugumu wa umbo hilo. Hakuna safu ya ushujaa kwenye karatasi ya mwamuzi. Unarukia ndani ya sanduku la hewa lenye upana wa mita 1,000 na urefu wa mita 1,000, na ukitoka nje unakatwa. Chini nako kuna mpaka, na jinsi daraja lilivyo dogo ndivyo mpaka unavyokuwa juu: Marekani, daraja la Sportsman, la pili kutoka chini, halishuki chini ya futi 1,500 (kama mita 457), ilhali wale wa Unlimited, daraja la juu kabisa, wanaruhusiwa kufika mita 100.

Kwa hiyo anayefaa kwa mchezo huu ni yule anayekereka akiona picha ukutani imelala upande. Kama hupendi kurudia jambo moja mpaka linyooke, tafuta raha nyingine ya angani, ziko nyingi.

Chukua kitanzi, umbo ambalo kila mtu anadhani analijua. Unaingia na mwendo wa kutosha, unavuta fimbo ya kuongozea, uzito wako unapanda mara tatu u nusu hivi, mara nne, mashavu yanavutwa chini. Mkono unataka kuendelea kuvuta vilevile hadi mwisho. Hapo ndipo kinapoharibika. Ukifika juu ndege imepoteza mwendo, na ukivuta kwa nguvu ileile inakata kona, kitanzi kinabanwa kichwani. Inabidi ulegeze vidole mpaka karibu uning'inie kwenye mikanda, urudishe kichwa nyuma kuutafuta upeo wa macho, uungoje ujitokeze, uhakikishe mabawa yamelingana nao, halafu pua ikianza kushuka uanze kuvuta tena kidogo kidogo. Na upepo haukungoji: mwamuzi anataka kuona duara, kwa hiyo upande mmoja unalegeza kidogo zaidi na upande wa pili unakaza ili upepo usilivute umbo likawa refu. Yote hayo ni sekunde chache, na hilo ndilo umbo rahisi.

Ukiwa ndani ya ndege huwezi kuyaona makosa haya. Utaapa kwamba mstari wako ulikuwa nyuzi 45, kumbe ulikuwa 40. Ndiyo maana nasema fedha ya mazoezi bila mtu wa kukutazama kutoka chini ni fedha iliyomwagwa. Mwenye redio na jicho zuri, hata kama yeye mwenyewe si rubani hodari, atakufaa kuliko saa nyingi za kujizungusha peke yako. Wanaosema "tutaanza mashindano baadaye, kwanza tufanye mazoezi" wanakosa hili: mashindanoni kuna jopo zima la macho yaliyofunzwa, na kila mmoja anaandika alichokiona.

Njia ya kufika huko si ndefu sana. Ukishapata leseni, jifunze ndege yenye gurudumu la mkia, maana nyingi za sarakasi ziko hivyo, na miguu yako itaacha uvivu. Kisha nenda kwa mwalimu anayeshindana au anayeamua mashindano, ukae naye kwenye ndege ya viti viwili, Super Decathlon au Pitts S-2 kwa mfano. Usijaribu peke yako kwenye ndege uliyojifunzia urubani. Ndege ya kawaida imeidhinishwa kubeba takriban mara 3.8 ya uzito wake. Ya sarakasi inaanzia 6 ukivuta fimbo na 3 ukiisukuma, na ndege ya mashindano kama Extra 300 inafika 10 pande zote mbili. Kitanzi kilichokwenda kombo kinakupeleka kwenye mbio za kushuka, na ukiogopa ukavuta ghafla, ile 3.8 inaisha upesi.

Anza na mzunguko wa pia kabla ya kitu kingine chochote. Bawa likiacha kubeba huku ndege ikiwa imepinda, inaanguka ikizunguka, na dunia yote inazunguka mbele ya kioo. Katika ndege nyingi dawa yake ni hii: nguvu ya injini chini kabisa, eleroni (vile vibawa vya kuibingirisha ndege) katikati, pedali ya kinyume na mzunguko hadi mwisho, kisha fimbo mbele. Mzunguko ukikoma, pedali zirudi katikati, utoke taratibu. Soma kitabu cha ndege yako, lakini rudia na mwalimu mpaka miguu ifanye kazi hiyo kabla hujamaliza kushtuka. Hofu kubwa ya marubani wengi niliowafundisha ilikuwa imejificha hapo, na ilipotoka, mengine yote yalikuja kwa urahisi.

Sasa mwili, maana ndio unaotumiwa kutukatisha tamaa. Utaambiwa mwanamke hawezi kustahimili nguvu ya G, yaani ule uzito unaopanda ukivuta fimbo. Jeshi la anga la Marekani liliwapima wanawake na wanaume kwenye mashine ya kuwazungusha miaka ya 1980, na halikukuta tofauti ya maana. Kinachotofautisha watu ni mazoezi, maji mwilini, usingizi, na kujua kujikaza: mapaja, makalio na tumbo vinakazwa kabla G haijafika, pumzi inashikwa na kubadilishwa haraka kila baada ya sekunde tatu hivi. Macho yakianza kufifia pembeni, legeza fimbo. Ujue pia kwamba ukitoka kusukuma, damu ikiwa imepanda kichwani, kisha ukavuta papo hapo, mwili unavumilia kidogo kuliko kawaida yake. Wengi wamepoteza fahamu kwa mpangilio huo. Ukikaa wiki kadhaa bila kuruka, rudi pole pole, uvumilivu huu hauwekwi akiba. Ukiwa mjamzito, sarakasi zisubiri.

Kichefuchefu kinampata karibu kila mtu. Tua kabla hakijakomaa. Dakika 15 nzuri leo na 20 wiki ijayo zitakufikisha mbali kuliko saa moja ya kuvumilia na mfuko mkononi.

Kuhusu kiti nitakaa kidogo, kwa sababu walimu wengi hawana haja ya kulifikiria hili. Vyumba vya marubani vilichorwa kwa watu warefu. Kama wewe ni mfupi, fungwa mikanda yote, vuta kile kikazio cha kiunoni mpaka mifupa ya nyonga ilalamike, halafu ndipo upime kama unafika mwisho wa pedali zote mbili na mwisho wa fimbo kila upande. Ukipima ukiwa umelegea unajidanganya, kwa sababu ndege ikigeuka kichwa chini mwili unanyanyuka kutoka kitini na mguu uliokuwa unagusa kwa ncha ya kidole unaachia. Tafuta mto mgumu wa mgongoni; laini unabonyea ukivuta na kukuacha mbali na pedali. Mwavuli wa kuokolea nao urekebishwe kwa mabega yako, si ya aliyeuvaa kabla yako, na ujizoeze chini utaratibu wa kutoka: kifuniko, mikanda, nje.

Halafu nywele. Funga chini, usogoni, chini ya vifaa vya masikioni, na kwa mpira, si kwa chupio. Chupio moja, hereni moja, sarafu moja ikiporomoka wakati umepinduka inaweza kwenda kulala palepale fimbo au pedali inapopita. Kabla sijapanda natoa kila kitu mifukoni, na abiria wangu nao nawakagua bila aibu.

Kabla ya kushindana, jitolee kuwa karani wa mwamuzi. Utakaa karibu naye, yeye anatazama juu anasema, wewe unaandika: umbo la tatu, saba na nusu, mstari mfupi baada ya kubingirika. Kufikia jioni utakuwa umejifunza kusoma ile michoro ya maumbo aliyoibuni rubani wa Hispania José Luis Aresti, ambayo marubani huibandika mbele yao wanaporuka, na utakuwa umeona kwamba hata mabingwa wanapewa sita. Utawaona pia kwenye maegesho wakitembea mfululizo wao wa maumbo wamefumba macho, kiganja kimoja kikiwa ndege, wakigeuka, wakiinama, wakipiga hatua tatu na kusimama. Mgeni atadhani wamerukwa na akili. Fanya hivyohivyo kila siku, ni bure, na ndege ikianza kula mafuta kichwa kiwe kimeshazoea.

Daraja la mwanzo lina maumbo machache, mfululizo unaujua mapema, na Marekani kwa mfano unaruhusiwa kuruka na rubani wa usalama kwenye kiti cha pili. Itumie ruhusa hiyo. Utatikisa mabawa kuwaonyesha waamuzi kwamba unaanza, na kuanzia hapo hakuna anayejua rubani ni nani wala amevaa nini. Wanaona ndege.

Hili halikuwa hivyo siku zote. Betty Skelton wa Marekani alitwaa ubingwa wa 1948, 1949 na 1950, lakini ulikuwa ubingwa wa wanawake peke yao. Patty Wagstaff aliingia timu ya taifa 1985, miaka 5 tu baada ya kupata leseni, na 1991 akawa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa jumla wa Marekani, akiwapita wanaume wote. Akarudia 1992 na 1993. Catherine Maunoury wa Ufaransa alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake 1988, kisha tena 2000. Svetlana Kapanina wa Urusi amelichukua taji hilo mara 7. Kwenye ubingwa wa dunia wanawake wanaruka mifululizo ileile, mbele ya waamuzi walewale, pamoja na wanaume, ila wana medali yao pia. Ichukue medali ukiipata, lakini jedwali la kusoma ni lile la wote.

Maneno ya watu utayasikia. Mumeo anasemaje? Watoto je? Mimi huwa nauliza upepo uko wapi leo, mazungumzo yanahama.

Ukimaliza mashindano ya kwanza, omba karatasi za waamuzi wote na uziweke sambamba. Alama ambayo mwamuzi mmoja tu amekukata iache ipite. Ile ambayo wamekukata karibu wote, hiyo ndiyo kazi yako ya miezi inayofuata, na mara nyingi ni jambo moja tu linalojirudia katika kila umbo: bawa la kushoto liko chini, au mstari baada ya kubingirika ni mfupi kuliko wa kabla. Mtafute mwamuzi aliyekuwa mkali zaidi, umwombe akueleze, uandike. Kupanda daraja kusikupe haraka. Panda pale ambapo karatasi zimeacha kulalamika jambo lilelile. Na ndege yako mwenyewe usinunue bado. Azima kiti, changieni na wenzako, mpaka ujue ni daraja gani utakalokaa kwa muda mrefu, kwa sababu ndege inayomfaa anayeanza na ile ya Unlimited ni vitu viwili tofauti kabisa.