Vidole vinauma kwa kusuka bangili za uzi, nifanyeje?

Safari hii maswali mengi yamekuja kuhusu zile bangili za uzi za mafundo, zile vijana wanapeana urafiki na siku hizi zinauzwa mpaka ufukweni zikiwa na jina la mteja. Nimechagua matatu kwa sababu maumivu yenyewe hayafanani, na dawa ya mmoja inaweza isimfae mwingine kabisa.

SWALI: Shikamoo dada. Nipo mwaka wa pili chuo hapa Morogoro, nasuka bangili nauzia wenzangu hosteli na wengine wananitumia oda kwenye simu. Shida yangu kidole cha shahada kinachanika pembeni pale uzi unapopita alafu gumba linauma kuanzia chini mpaka kwenye kifundo cha mkono, asubuhi hata kifuniko cha chupa ya maji sifungui. Nikichua na dawa inatulia, nikikaa kusuka inarudi. Rafiki yangu anasema nitazoea. Ni kweli au niache tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hapo una vitu viwili na rafiki yako yupo sahihi kwa kimoja tu. Ngozi inazoea, itaota sugu na uzi hautaichana tena. Gumba halizoei, gumba ukilazimisha linazidi kuharibika, kwa hiyo hilo usilisubirie.

Kwanza elewa mkono wako unafanya kazi kiasi gani, maana watu wanaona ni kauzi tu. Chukua bangili rahisi kuliko zote, ile ya mistari ya mshazari ya nyuzi 6. Uzi mmoja unafungwa kwenye zile 5 zilizobaki, kila fundo unalifunga mara mbili, maana yake mstari mmoja tu umeshavuta mara 10. Ukifika mstari wa 60 umevuta mara 600 na bangili pengine haijatosha mkono wa mtu, na muda wote huo gumba na kidole cha shahada vimebana uzi mwembamba bila kuachia hata kidogo. Hizo za majina ndo balaa zaidi, mafundo ni mengi mno na mteja anataka kesho.

Sasa kinachoumiza zaidi ni ule ukazaji. Wasukaji wengi wanakaza kila fundo kama wanafunga mzigo juu ya basi, na hiyo nguvu yote haihitajiki, tena inaharibu kazi yenyewe, angalia bangili yako ikiwa inajikunja haitaki kulala flati ujue umekaza kupita kiasi. Fanya hivi, weka uzi juu ya mwenzake umbo la 4, pitisha, vuta taratibu mpaka fundo lipande likae mahali pake, basi liache. Pitisha mara ya pili, vuta mpaka uhisi limegota, hapo umemaliza, usirudie kulivuta tena kwa uhakika. Uzi wa ndani, ule unaofungiwa, ndo unatakiwa unyooke ili rangi isibadilike, ila kunyooka siyo kukakamaa. Utaona mwanzoni mafundo hayalingani, vumilia, mkono unajifunza upya.

Na usizungushe uzi kwenye kidole kimoja ukavuta, hapo ndo ngozi inachanika. Upitishe kiganjani uushike na vidole vya nyuma, yaani cha kati, cha pete na cha mwisho, ule mvuto ugawanyike. Kidole kinachochanika kizungushie plasta ya kitambaa au ile tepu ya hospitali ya karatasi kabla hujaanza, siyo baada ya kuumia, na usikaze sana damu ipite.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni mtindo. Mistari ya mshazari mafundo yote yanaenda upande mmoja, kwa hiyo mkono uleule unaumia kwa namna ileile toka mwanzo mpaka mwisho. Ule mtindo wa V nusu ya kwanza mafundo yanaenda kulia na nusu ya pili yanakuja kushoto, mikono inapokezana. Ukiwa na oda nyingi changanya mitindo, usisuke ya mshazari tupu siku nzima.

Tukirudi kwenye gumba. Likunje ndani ya ngumi, vidole vingine vilifunike, alafu inamisha mkono taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ukisikia maumivu makali yanachoma upande wa gumba pale kwenye kifundo cha mkono, inawezekana ala, yaani ule mfuko unaozifunika kano (kamba zinazovuta gumba), imevimba. Madaktari wanauita ugonjwa wa de Quervain, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeuelezea mwaka 1895, na ni uleule unaowapata sana kina mama wenye watoto wachanga kwa kule kunyanyua nyanyua mtoto. Kwa hiyo siyo uvivu wala siyo kudeka. Dawa ya kwanza ni kulipumzisha gumba, na hapa nakuomba unisikie vizuri, kupumzika kwa kushika simu ukaanza kuperuzi na gumba hilohilo huko siyo kupumzika. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kama dakika 10 hivi, tafuta kile kifaa cha kushikilia kifundo kinachobana na gumba lenyewe, kipo kwenye maduka ya vifaa tiba. Dawa ya kupaka ya diklofenaki inasaidia lakini vidonge usijinunulie ovyo, hasa kama una vidonda vya tumbo au figo ina shida. Wiki mbili tatu zikipita bila nafuu nenda hospitali uombe kuonwa na watu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na ikigoma kabisa daktari anaweza kuchoma sindano palepale penye shida.

Niache? Usiache mdogo wangu, hiyo ni ada yako na ni kazi nzuri. Simama kwanza mpaka chupa ya maji uifungue bila kuumia, ukirudi suka vipande vifupi, kila nusu saa achia uzi, fungua viganja, nyoosha vidole, zungusha mabega. Bangili ibane kwenye ubao wenye klipu uuegemeze mezani usawa wa kifua badala ya kuipini kwenye suruali magotini, maana hapo shingo nayo inaumia. Na wateja waambie ukweli, oda ya bangili za kundi zima zinazotakiwa Ijumaa ikataliwe au bei ipande, mimi naona kabisa bei za hizi bangili ni ndogo mno ukilinganisha na saa ambazo msukaji anakaa pale.

SWALI: Assalaam aleikum dada yangu. Binti yangu ana miaka 11, likizo hii yote ni bangili tu, sasa vidole vimefanya malengelenge. Babake asema nimnyang'anye hizo nyuzi. Wewe waonaje? Mama, Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam mama. Usimnyang'anye, mwambie babake kwamba mtoto aliyetulia na kazi ya mikono likizo nzima ni neema. Lengelenge usilitumbue, osha kwa maji na sabuni, funika kwa plasta, na nyuzi ziwekwe kando mpaka pakauke. Alafu angalia anatumia uzi gani. Watoto wengi wanachukua uzi wa cherehani au nailoni kwa sababu upo ndani, na huo ni mwembamba unakata. Mnunulie uzi wa pamba wa kudarizi, ule unaouzwa kwa vifungu vya mita 8, ndani yake una nyuzi 6 ndogo zilizoshikana, asizitenganishe atumie hivohivo zilivo. Aanze na bangili ya nyuzi 4 au 6 kwanza hadi mkono ukomae. Kidole kikiwa chekundu, cha moto, kinatoa usaha au wekundu unapanda mkononi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Habari dada, nina mimba ya miezi 7 na nasuka bangili nyumbani nauza. Usiku naamka mkono umekufa ganzi, gumba na vidole vinavyofuata vinachoma choma mpaka niukung'ute ndo nalala. Nimeshauriwa ninywe dawa za maumivu. Msomaji, Tanga.

JIBU: Hongera kwa ujauzito dada, na hizo dawa usinywe. Ibuprofen na diklofenaki ukiwa na mimba, tena ya miezi hiyo, hazinunuliwi bila kuulizia kliniki, hata za kupaka.

Niambie kitu kimoja, kidole cha mwisho nacho kinakufa ganzi? Kama chenyewe kipo salama na ganzi ipo kwenye gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, basi dalili zinaelekea kwenye neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono. Pale pana njia nyembamba, neva inapita pamoja na kano 9 za vidole, na mjamzito mwili unashika maji kwa hiyo panabana. Kusuka kunaongezea kwa sababu mkono unaukunja kwa muda mrefu, na usiku ukilala umeukunja chini ya shavu panabana zaidi. Ndo maana ukikung'uta unapata nafuu.

Tafuta kifaa cha kunyoosha kifundo ulale nacho, kifundo kikae sawa kisikunjwe mbele wala nyuma. Bangili punguza sana, kiukweli ningekuwa wewe ningeziweka pembeni mpaka nijifungue, kwa wengi ganzi hii inapungua yenyewe baada ya mtoto kuzaliwa. Kliniki ijayo mwambie nesi, na umuonyeshe ni vidole vipi. Ila kama mikono au uso umevimba ghafla, kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali saa hiyohiyo wakupime presha, maana hapo tena siyo habari ya bangili.