Maswali ya wasafiri: Siku tatu Lisbon, na ile dhahabu ya Kilwa

Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu, kwetu Kilwa Masoko. Mwezi wa 10 naenda Ureno kwenye mafunzo, na yakiisha ntabaki na siku tatu Lisbon kabla ya ndege ya kurudi. Hela sina nyingi. Nimetafuta mtandaoni mpaka nimechoka, kila mtu anasema panda tramu namba 28, kula vile vikeki, piga picha na mnara. Mji mzima ndo hayo tu? Na mtu wa Kilwa ana nini cha kwenda kuangalia kule?

Marahaba mwalimu. Hilo swali lako la mwisho limenifanya nikae nikuandikie usiku huu huu, maana jibu lipo na miaka yote nimekuwa natamani mtu wa Kilwa aniulize.

Siku ya kwanza, kabla ya keki, kabla ya tramu, nenda Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya sanaa ya kale, iko mtaa wa Janelas Verdes juu kidogo ya mto. Jumatatu wanafunga, kwa hiyo panga siku zako vizuri. Ukiingia waulize wale wa mlangoni "Custódia de Belém", watakuelekeza. Ni monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki wanawekea Ekaristi (mkate mtakatifu) wakati wa kuabudu, kimesimama ndani ya kabati la kioo na urefu wake ni kama mkono wa mtu mzima toka begani mpaka kwenye vidole. Dhahabu tupu, na rangi zimepakwa juu ya dhahabu. Katikati mitume 12 wamepiga magoti, wadogo kama vidole lakini kila mmoja ana sura yake na nguo ya rangi yake, na juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Sasa wewe usiishie hapo juu kama wengine, inama uangalie kitako. Kuna maandishi yamezunguka, Kireno cha zamani, na humo limo jina la kwenu, wameliandika kwa tahajia yao. Yanasema mfalme Manuel wa Ureno aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kilimalizika 1506.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1502 Vasco da Gama, safari yake ya pili ya kwenda India, alitia nanga Kilwa na meli zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, akubali kumlipa kodi mfalme wa Ureno, zikatoka mithkali 1,500 za dhahabu (mithkali ni kipimo cha uzito cha zamani). Mwaka 1503 dhahabu ikafika Lisbon, ikapewa sonara Gil Vicente. Na kulipa hakukusaidia kitu, maana 1505 Wareno walirudi na Francisco de Almeida, wakauteka mji na kujenga ngome. Ile ngome ya Gereza mnayowapeleka wanafunzi kuiona Kilwa Kisiwani iko pale walipojenga wao, na neno gereza lenyewe limetoka kwenye igreja, yaani kanisa kwa Kireno.

Mimi nilisimama mbele ya kile kioo karibu nusu saa. Ni kizuri mno, fundi alikuwa fundi kweli, na kiliniuma. Watu wanakuja, wanasoma kile kibao sekunde mbili, wanapita. Nenda usimame pale na useme jina la mji wako kwa sauti hata kama ni ya chini, nakuomba hilo tu.

Ukishaiona hiyo ndo uende mtaa wa Belém, kulekule Lisbon, na Belém itakuwa na maana tofauti kabisa kwako. Panda tramu ya 15 au treni toka Cais do Sodré. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa 1501, na monstransi ile ilitengenezwa kwa ajili ya hapo. Angalia nguzo, wamechonga kamba za meli na vitu vya baharini kwenye mawe, yaani utadhani jiwe limefumwa. Ndani ya kanisa karibu na mlango kuna kaburi la Vasco da Gama, yuleyule aliyefika Mombasa na Malindi 1498. Wahi asubuhi maana foleni inakuwa ndefu na jua halina huruma. Mnara wa Belém unatosha kuuona kwa nje, ndo hapo unapendeza zaidi, na ule mnara mkubwa wa mabaharia ni wa juzi tu, 1960, ila chini yake kuna ramani ya dunia ya mawe sakafuni, itafute pwani yetu uisimamie. Halafu sasa kula keki, usiniambie nimekukataza! Duka la Pastéis de Belém lipo tangu 1837, unakula ya moto na unamwagia mdalasini mwenyewe. Viungo hivyohivyo ndivyo vilivyowatoa kwao.

Siku ya pili zunguka kwa miguu, hii haina gharama. Mtaa wa Baixa umenyooka kama umepigwa rula kwa sababu tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko lilipiga asubuhi watu wako makanisani, likafuata wimbi toka baharini na baadaye moto, wakaujenga upya kuanzia chini. Panda hadi Carmo uone kanisa lililobaki bila paa mpaka leo. Ukivuka upande wa pili unaingia Alfama, na hapa mtu wa pwani ataona kama yupo nyumbani, vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa juu kwa juu, wamama wamekaa vibarazani. Jina ni la Kiarabu, ni hamamu (bafu la umma) ileile ya Hamamni kule Unguja, maana Waislamu walitawala mji huu mpaka ulipotekwa 1147. Na masikio yako yatacheka, ukikaa hotelini wanakuonyesha mesa, maji yanakuja kwenye copo, juu ya jengo inapepea bandeira, na fundi anakaza parafuso. Meza, kopo, bendera, parafujo. Mimi nilikuwa naokota maneno njiani kama embe.

Pale chini ya ngome ya mji, karibu na kanisa kuu, usiipite Aljube. Ilikuwa jela ya wafungwa wa siasa wakati wa udikteta, sasa ni makumbusho tangu 2015, na wanaonyesha pia vita vya ukombozi vya Afrika. Wewe ni mwalimu utaelewa, FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji toka kwa Wareno, ilizaliwa Dar es Salaam 1962, wazee wa Mtwara na Ruvuma ile vita wanaikumbuka, na wanajeshi wa Ureno waliochoka kupigana ndo walioipindua serikali yao tarehe 25 Aprili 1974, mwaka uliofuata Msumbiji ikawa huru. Lile daraja jekundu utakaloliona kila mahali linaitwa kwa tarehe hiyo. Jioni panda feri toka Cais do Sodré mpaka Cacilhas, ni dakika kama kumi, bei ni ya daladala ya mto, na mji mzima unauona ukiwaka jua likizama.

Tramu ya 28 ni nzuri lakini inajaa na wezi wa mifukoni wanajua hilo, panda asubuhi sana, simu weka mbele. Na vaa viatu vyenye kukamata, vile vijiwe vya barabarani vikilowa ni kama sabuni, mwezi wa 10 mvua zinaweza kuanza.

Assalam alaykum mwanangu. Twaja Lisbon na mume wangu kutoka Mombasa siku nne, lakini mie goti lanisumbua, na chakula chetu ni halali. Je tutaweza?

Wa alaykum salaam mama. Mtaweza inshallah, ila mji ule ni wa vilima, msikubali mtu awaambie "ni karibu tu". Kaeni hoteli ya Baixa, ni tambarare, na Belém pia ni tambarare. Siku moja nendeni kwa metro mpaka Parque das Nações, kule walifanya maonyesho makubwa ya 1998, njia ni pana na kuna akwariamu kubwa sana, unakaa kwenye kiti mbele ya kioo papa wanapita taratibu, goti linapumzika. Kwenda Alfama chukueni teksi hadi Portas do Sol mkaangalie mto toka juu, kushuka kwa miguu mwachie baba.

Chakula nendeni Martim Moniz, mtaa wa Benformoso, maduka na hoteli za Wabangladeshi zimejaa, wali, kuku, chapati. Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, na Waislamu wengi wa pale asili yao ni Msumbiji, mkisema mmetoka Mombasa hamtakuwa wageni. Samaki wao wa bacalhau mtawajua, ni kama ng'onda, mkavu wa chumvi analowekwa kwanza. Kwenye keki na supu ulizeni tu kama kuna banha, hayo ni mafuta ya nguruwe.

Nasoma Poland, nna siku mbili tu Lisbon. Sintra, ule mji wa makasri nje ya Lisbon, niende au niache?

Kwa siku mbili iache, mdogo wangu. Treni toka Rossio ni kama dakika 40 tu, lakini ukifika kuna kupanda mlima, foleni ya kasri la Pena, tiketi ina saa yake ya kuingia, siku imeisha. Ukipata siku ya tatu sawa, nunua tiketi mtandaoni mapema na upande treni ya asubuhi kabisa. Hizo mbili ulizonazo, anza na Janelas Verdes kama nilivyomwambia mwalimu wa Kilwa.