Udongo wa Newala usitoke baharini

SWALI: Niko Mikindani wiki 6 katika programu ya ukaazi wa wasanii. Nachora kwa udongo mwekundu wa Newala juu ya merikani, kisha natandika kitambaa ufukweni ili bahari iongeze alama zake. Maji yakijaa mara moja tu, rangi yote imekwenda. Natumia gundi ya miti.
Msanii, Mikindani

JIBU: Gundi ya miti huyeyuka majini hata ikishakauka. Tumia maziwa ya soya: loweka kikombe 1 cha soya usiku kucha, saga kwa vikombe 6 vya maji, chuja. Yatumie siku hiyohiyo, kwani kwa joto la Mtwara kesho yake yamechacha.

Merikani ifue kwanza kwa maji moto na sabuni. Wanga wa kiwandani huzuia rangi kushika. Udongo ukoroge ndooni, subiri dakika 1 mchanga utuame, mimina maji ya juu kwenye chombo kingine hadi kesho. Tope laini litakalobaki chini ndilo rangi yako: kijiko 1 kwa vijiko 4 vya maziwa. Paka matabaka 3 membamba. Tabaka nene hupasuka, maana udongo wa mfinyanzi hunywea ukikauka.

Kisha, tafadhali, usiharakishe: wiki 2 kivulini, protini ya soya ikaze. Jaribio la kwanza lifanye maji mafu, bahari inapojaa kidogo, si bamvua, inapojaa sana. Rangi itapauka kidogo, na hiyo ndiyo alama ya bahari unayoitafuta.

Vigingi vya kufungia kitambaa kwa kamba viwe vya mianzi. Kukata mikoko bila kibali ni kosa. Waulize pia kina mama wanaochokoa pweza njia zao, kamba zisiwanase.