Hakuna Kanda Tupu

Jana saa tisa alasiri kijana wetu wa field, anayejifunza kazi hapa maktaba ya kanda ya kituo cha televisheni, alinijia akitabasamu. "Mama, kadi zote za kamera nimeshazifomati. Kesho tukitoka ni kupiga tu." Nikamuuliza, zote ngapi? Nne. Tatu zilikuwa zimeshaingia kwenye seva. Ya nne ilikuwa na kipindi cha pili cha mechi ya wanawake ya Jumamosi, pamoja na mahojiano ya kocha aliyekuwa akilia. Sikumfokea. Nilikwenda nikakaa kati ya rafu ya pili na ya tatu, pale penye feni mbovu, nikanywa maji. Nilipoinuka nikaona heri niandike, maana nyinyi mnaokuja kila mwaka mnakuja na makosa yaleyale kana kwamba mnarithishana getini.

Najua mkiwa kantini mnaniita Mama Kanda. Sawa. Mama Kanda anawaambia hivi.

1. Kabla hujatafuta, jiulize kama kilirekodiwa.

Haipiti wiki prodyuza hajamtuma mtu: "Tupatie Taifa Stars ya Lagos 1980, dakika moja tu." Mtoto wa watu anazunguka rafu mpaka magharibi. Wadogo zangu, Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vimeanza 1994. Stars walipokuwa Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, na hata Simba walipofungwa 2-0 na Stella Abidjan hapahapa Dar kwenye fainali ya Kombe la CAF 1993, Bara hapakuwa na kituo cha televisheni. Nchi nzima ilikuwa na sikio kwenye redio. Picha yake ukiipata, itakuwa imetoka kwa mtu mwingine, si kwenye rafu zetu, kwa hiyo usinichafulie rafu.

Na si sisi tu. Waingereza walianza kurusha mpira kwenye televisheni tarehe 16 Septemba 1937, Arsenal ikicheza na kikosi chake cha akiba pale Highbury. Mwaka uliofuata wakarusha fainali ya Kombe la FA, Preston na Huddersfield. Ikafika dakika za nyongeza, 0-0, mtangazaji Thomas Woodrooffe akajiapiza kwamba likiingia bao sasa atakula kofia yake. Penalti. George Mutch akapiga, mpira ukagonga mwamba ukazama ndani, 1-0. Bwana mkubwa baadaye alikula keki yenye umbo la kofia. Matangazo hayo hayapo popote, kwa sababu wakati ule hapakuwa na chombo cha kurekodi televisheni: picha ilitoka kwenye kamera, ikaingia hewani, ikaishia kwenye jicho la mtazamaji. Ile penalti mnayoiona mtandaoni ni filamu ya makampuni ya habari za sinema, watu wengine kabisa, waliokuja na kamera zao. Hiyo naiita picha isiyozaliwa. Msiitafutie kaburi.

2. Iliyozaliwa ikauawa ndiyo inayouma.

Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ya Marekani ilileta mashine ya kurekodi televisheni kwenye kanda ya inchi mbili. Kila kituo kikafurahi, kisha kikaona bei. Kanda ilikuwa mali. Mpira uliomo ndani ulikuwa umeshachezwa, matokeo yako gazetini, nani ataangalia tena? Wakafuta, wakarekodi juu, wakafuta tena. Halafu rangi ikaja, na kila kilichokuwa cheusi na cheupe kikaonekana cha kizamani. BBC wenyewe, na ukubwa wao wote, walikaa hivyo mpaka 1978 ndipo wakawa na maktaba yenye kazi rasmi ya kutunza. Wamarekani nao, fainali ya kwanza ya Super Bowl, ya mpira wao wa Kimarekani, Januari 1967, ilirushwa na vituo viwili kwa pamoja, CBS na NBC. Vyote viwili vilifuta. Mnanisikia? Nakala mbili, na zote zikaenda.

Nilipokuwa field kama nyinyi nilicheka niliposoma habari hizo. Nikasema hawa wazungu kumbe nao. Nilicheka kama miezi minne hivi.

3. Kosa langu.

Ilikuwa 1998, kituo sikitaji. Mpiga picha wetu alisafiri mkoani kwenye mechi ya kuwania kupanda daraja, kamera moja tu, kaisimamisha juu ya bodi ya Fuso. Akarudi na kanda mbili za dakika 60, kipindi cha kwanza moja na cha pili moja. Cha kwanza kilikuwa 0-0 na mbuzi. Nasema kweli: mbuzi aliingia uwanjani dakika ya thelathini na kitu, na mpiga picha, kwa kukosa cha maana, akamfuata mpaka akatoka. Cha pili kilikuwa moto. Wenyeji walifungwa mawili, wakarudisha yote mawili, wakashinda 3-2, na winga wao mmoja akafunga mabao mawili, la mwisho kwa kisigino. Tuliirusha Jumapili usiku. Jumatatu kanda zikashuka kwangu. Ya kwanza niliiandikia lebo palepale, kwa sababu ya mbuzi, ilinifurahisha. Ya pili nikasema nitaiandikia nikitoka kula.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, gari liko nje limewashwa, kamera inakwenda kwenye semina ya wadau wa korosho. "Dada, kanda!" Mtunza stoo amesafiri na ufunguo wake. Nikageuka, nikaona moja imekaa pembeni ya meza haina lebo. Nikaigeuza nikatazama kile kitufe chekundu cha kuzuia kurekodi. Hakijabonyezwa. Nikajisemea: ingekuwa ya muhimu mtu angeshabonyeza.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Kazi hiyo haikuwa ya mwingine yeyote katika jengo lile.

Jioni mhariri wa michezo anataka yale mabao. Naweka kanda ya kwanza: mbuzi. Naweka ya pili, nabonyeza, na kwenye skrini anatokea bwana mmoja mwenye suti ya kahawia, maikrofoni inapiga mluzi, anasema, "Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki ikiwa imezingatiwa." Nikarudisha nyuma. Nikacheza tena. Itifaki bado imezingatiwa. Nikarudisha mara ya tatu, kana kwamba nikiingia taratibu nitawakuta wachezaji bado wamo. Wale mnaouliza kama inawezekana kuirudisha: hapana. Kichwa cha kufutia kinapita kwanza, cha kurekodi kinafuata nyuma, kinachobaki ni korosho.

Sasa hapa ndipo aibu yenyewe ilipo. Nilimwambia mhariri mashine imekula kanda. Fundi wetu, mtu mwema kabisa, alikaa siku mbili anasafisha vichwa vya mashine iliyokuwa nzima. Nilimpelekea chai. Sikumwambia. Alistaafu anaamini ile mashine ina tabia mbaya.

Miaka ishirini na moja baadaye, mapokezi wananiita kuna mgeni. Nashuka namkuta mzee, kofia mkononi, tiketi ya basi inachungulia kwenye mfuko wa shati. "Shikamoo." "Marahaba, mama. Nimeambiwa wewe ndiye wa picha za zamani." Alikuwa yule winga. Mjukuu wake haamini kwamba babu aliwahi kucheza mpira wa maana, na yeye anakumbuka kulikuwa na kamera juu ya Fuso. Kituo kilishabadilika, mimi nilishahama, lakini kanda tulizinunua pamoja na rafu zake, na ile ya korosho nilikuwa naijua ilipo kama mtu anavyojua jino linalomuuma.

Semina ilichukua dakika kama arobaini. Kipindi cha pili pamoja na za nyongeza kilikuwa arobaini na saba na ushee. Nilimkalisha, nikapeleka mbele mpaka mwisho wa hotuba. Bwana wa suti anakatika katikati ya neno, chenga nyeupe, picha inabiruka mara mbili, kisha vumbi. Dakika saba za mpira. Bao la tatu limeshaingia, watu wanahesabu muda. Filimbi, uwanja unavamiwa, na kijana mwembamba anabebwa juu juu, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi yenye tundu kwenye kidole gumba. "Ndiye mimi huyo," akasema. "Kiatu kile sikukipata tena." Akatazama mpaka mwisho. Akauliza, "Na mabao?"

Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemwambia ukweli. Alinyamaza, akatazama skrini iliyoganda, halafu akauliza kwa upole kabisa: "Huyu wa korosho, kuna cha maana alisema?"

Hakusema cha maana. Nimeisikiliza yote.

Kisha akasogeza vikombe vya chai. Kipa akawa bakuli la sukari, beki kijiko, na kisigino chake mwenyewe chini ya meza kikawa kisigino. Alinionyesha bao mara mbili, mara ya pili beki akiwa mkorofi zaidi. Mnajua lile bao ambalo Pelé mwenyewe alilihesabu kuwa zuri kuliko yote aliyofunga? Tarehe 2 Agosti 1959, Santos na Juventus ya São Paulo, uwanja wa Rua Javari, kawapitishia mpira juu ya vichwa mabeki na kipa kisha akaweka kwa kichwa. Picha yake haipo. Miaka mingi baadaye ililazimu litengenezwe upya kwa kompyuta kutokana na kumbukumbu za waliokuwepo. Pelé alipata kompyuta. Mzee wangu alipata bakuli la sukari.

Nilimkopia zile dakika saba kwenye flashi. Na mbuzi pia, aliomba.

4. Lebo iandikwe kabla ya chai. Sifafanui.

5. Sauti msiitupe.

Juzi nimemkuta mmoja wenu anafuta mafaili ya sauti ya uwanjani "ili kupunguza nafasi". Njoo hapa. Fainali ya Kombe la Dunia 1954, Bern, Ujerumani Magharibi na Hungary: matangazo kamili ya televisheni hayajabaki, kuna vipande vya filamu tu. Hungary walitangulia 2-0 ndani ya dakika nane, Helmut Rahn akafunga la 3-2 dakika ya 84, kisha Puskás akafunga na mwamuzi akakataa, offside, na watu wanagombana mpaka leo kwa kuwa hakuna picha ya kuwanyamazisha. Lakini kilichobaki mzima ni sauti ya redio ya Herbert Zimmermann. Wajerumani waliibandika sauti ya redio juu ya vipande vya filamu, na sasa ukiwauliza wanakwambia ndivyo walivyoiona. Sauti imeibeba picha mgongoni. Sisi tuliokulia kwenye redio ya mkulima hatuhitaji kuelezwa hili mara mbili.

6. Mambo madogo. Kadi haifomatiwi mpaka faili lifunguliwe kwenye seva na kuchezwa mwanzo, katikati na mwisho. Kuona jina la faili si kuona picha. Nakala mbili chumba kimoja ni nakala moja. Jina la faili liwe na tarehe na timu, maana "final_mwisho_kabisa2" hata wewe mwenyewe Desemba hutaitambua. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo, fundi asisumbuke bure.

Kijana wa jana alisema palepale, tena mbele ya watu, na kwa hilo kanizidi mimi ya mwaka 1998. Tulichomoa kadi kabla haijaandikwa kitu kingine, na fundi amerudisha faili karibu lote. Kuifomati kadi kwa haraka kunafuta orodha, picha yenyewe hubaki mpaka kitu kipya kipite juu yake. Kocha bado analia vizuri tu. Kanda zetu hazikuwa na huruma hiyo, msizoee.

7. Nakala ya mtaani.

Ile Super Bowl iliyofutwa na vituo viwili, sehemu yake kubwa ilikuja kuonekana 2005 kwenye kanda iliyorekodiwa na mtazamaji mmoja wa Pennsylvania na kukaa darini miaka yote hiyo. Sisi tuna vibanda umiza vya kuonyeshea video. Tuna akina baba walionunua deki ya VHS kwa mafao, wakarekodi kila kitu mpaka taarifa ya habari. Ile 3-2 ilikwenda hewani Jumapili usiku, kwa hiyo mahali fulani kuna mtu alibonyeza kitufe. Mzee ametimiza miaka sitini mwaka huu, na nimeshauliza kwenye vibanda zaidi ya ishirini.

Wiki ijayo mnakwenda makwenu kwa sikukuu. Angalieni chini ya makabati, kwenye masanduku ya bati, nyuma ya redio mbovu. Mkikuta VHS ina ukungu msiiingize kwenye mashine, ifungeni kwenye gazeti mniletee hivyohivyo. Na usiisome lebo ukaridhika. Hata kama imeandikwa Harusi ya Shangazi, ilete, tutaangalia baada ya keki.